Nusu ya Kwanza ya Bango

Nimengoja mpaka vipimo viwili vya mwisho wa mwaka vitoke vikiwa safi ndipo nikaketi kuandika. Leo ni Jumapili, tarehe 14 Januari 2018, niko nyumbani kwangu Mwala, Machakos. Ningeandika nikiwa bado katikati ya matibabu, ningekuwa ninajiandikia mwenyewe. Sasa ninamwandikia mwanamke ambaye wiki hii ameambiwa alichoambiwa, yuko nchi ya watu, na viza yake imo mikononi mwa mtu mwingine. Saratani ni nini, sitamweleza. Hilo lina watu wake. Nitamweleza jinsi siku zilivyopita.

Ninaitwa Teresia, mjane wa marehemu Musyoka. Mume wangu alifariki tarehe 2 Agosti 1999. Siku tisa baadaye, shemeji yangu Mutisya aliniletea karatasi akanisomea kwamba shamba linaandikwa kwa jina la watoto. Sikujua kusoma wakati huo. Nilichovya kidole gumba kwenye wino, nikakibandika alipoonyesha. Mistari aliyonisomea ilikuwa ya kweli. Ile ya chini hakuisoma, na ndiyo iliyompa yeye shamba.

Mwaka 2001, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, nilijiunga na gumbaru, masomo ya watu wazima. Nilisomea kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Novemba 2006 nilifanya mtihani wa darasa la nane katika chumba kimoja na binti yangu Mwende, yeye dirishani, mimi karibu na mlango. Alinishinda kwa alama, wala sikuona haya. Tangu siku ile, karatasi yoyote iliyohitaji jina langu nimeisoma mwenyewe, juu hadi chini, na tarehe nimeiandika kwa mkono wangu. Naeleza haya mapema kwa sababu yana kazi mbele.

Mwaka 2010 nilikwenda Dubai kuwa mtunza nyumba wa familia moja ya wenyeji huko Al Warqa, mtaa wa nyumba kubwa zenye kuta ndefu. Watoto wawili wa nyumba ile niliwapokea wakiwa wachanga. Mama yao nitamwita Madam hapa, kama nilivyomwita kule.

Ijumaa tarehe 9 Januari 2015, nilipokuwa nikioga kabla ya kwenda ibadani, vidole vyangu vilikuta kitu chini ya titi la kushoto, kigumu kama punje ya hindi lililokauka. Nilimaliza kuoga, nikavaa, nikaenda kuimba. Nilikaa kimya wiki tano. Usifanye hivyo. Sikunyamaza kwa hofu. Niliona tu kwamba kabla sijakisema, hakijawa changu.

Madam ndiye aliyenipeleka hospitalini kwa gari lake, na mume wake ndiye aliyetia sahihi kila palipohitaji sahihi ya kafeel, yaani mwajiri anayekudhamini. Mpangilio wenyewe unapaswa kuujua: kadi ya hospitali inafuata viza, na viza inafuata mwajiri. Mwajiri akisema khalas, yaani basi, viza inafutwa, kadi inakufa, na mgonjwa anapandishwa ndege na mpira wa kutolea maji ya kidonda ukiwa bado mwilini. Nilipasuliwa tarehe 3 Machi, Jumanne. Daktari alipanga dawa za mshipa, kwa dripu, mara nane, kila baada ya siku ishirini na moja, kisha mionzi. Nilihesabu kwenye kalenda ya jikoni. Ilinibidi nibaki Dubai hadi mwanzo wa Novemba. Jambo lingine lolote mwaka ule lilikuwa dogo kuliko hilo.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya buluu na televisheni isiyo na sauti. Wanawake wa kila nchi walikaa na bahasha kubwa mapajani. Hatukuulizana majina. Swali lilikuwa moja, kwa Kiarabu, kwa Kihindi au kwa vidole: ya ngapi? Ukisema ya kwanza, wanakutazama kidogo zaidi, kisha wanaangalia televisheni. Beba soksi nzito, kwa maana chumba cha dripu kina baridi ya kuhifadhia nyama. Kula kwa kijiko cha mbao, kwa kuwa cha chuma kitakuwa na ladha ya chuma, na kila kitu kingine pia.

Dripu ya kwanza ilikuwa Jumatatu tarehe 13 Aprili. Nywele zilianza kutoka mwishoni mwa mwezi, na kufikia tarehe 8 Mei kichwa kilikuwa kitupu. Siku hiyo nilijipiga picha bila kitambaa, nikamtumia Mwende ili asije akashtuka siku ya kuonana. Chini yake niliandika: Ni yako peke yako.

Mwende alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amemaliza chuo, anauza dawa za mifugo katika duka moja mjini Machakos. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa katika kikundi cha vijana waliokusanya sahihi wakitaka bunge lihalalishe bhangi. Hatukuwa tumekubaliana juu ya jambo hilo. Kwetu bhangi lilikuwa neno la kutishia watoto, na mtu wa bhangi alikuwa yule aliyelala mtaroni siku ya soko. Yeye aliniambia kwamba ziko nchi ambako wagonjwa wa dripu huruhusiwa, wakapata kula na kulala. Nilimwuliza kama watapigana na polisi. Alisema wameandika barua ya kuomba ruhusa kituoni, na askari wawili watatembea nao.

"Tunaomba kwa karatasi na kwa miguu, Mama," alisema. "Hakuna atakayebeba jiwe."

Nilimwambia afanye anachoamini ila asinitie mimi ndani yake. Mimi bhangi sijapata kuitumia, wala sijui kama ingenisaidia. Nasema hivyo ili msomaji asitafute ushauri ambao sina. Nilijua jambo moja tu: mahali nilipokuwa, vumbi lake likionekana kwenye soli ya kiatu lingetosha kumpeleka mtu jela.

Baada ya dripu ya tatu sikuweza kula. Chakula kilifika mdomoni kikageuka kitu kingine. Kilichopita ni uji wa wimbi peke yake, na unga wake ulitoka nyumbani. Chama chetu cha wanawake Wakenya kilikutana kila Ijumaa baada ya ibada, katika nyumba ya ghorofani Bur Dubai, na desturi yetu ilikuwa kwamba anayerudi kutoka likizo hubeba mizigo ya wenzake. Haufungwi mzigo wowote kabla haujafunguliwa mbele ya mbebaji. Unga unachekechwa, majani ya chai yanamwagwa kwenye sinia, hata sabuni inakatwa. Hakuna aliyeona ni dharau. Mwende alikuwa akisaga wimbi, anapeleka kwa yeyote aliyekuwa likizoni, unachekechwa, unanifikia. Hivyo ndivyo nilivyoishi Mei na Juni.

Ijumaa tarehe 26 Juni, siku kumi na moja baada ya dripu ya nne, nilipanda ngazi za ile nyumba ya Bur Dubai nikipumzika kila ghorofa. Nilipoingia walinyamaza. Mwenyekiti wetu, Mama Kioko, alinipa simu yake.

Ilikuwa picha ya barabara ya Machakos. Vijana wanatembea kwa mistari miwili, wamevaa fulana za kijani, askari mmoja pembeni akicheka na mtu. Mbele yao Mwende ameshika bango. Juu ya bango ni uso wangu na kichwa changu kitupu, ukubwa wa sinia. Kando ya uso limechorwa jani. Chini yake yameandikwa maneno haya: MAMA YANGU HAWEZI KULA. HALALISHENI BHANGI KWA WAGONJWA.

Nilisoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu.

Wa kwanza kusema alikuwa Nekesa, mlinzi wa jengo moja kule Dubai Marina, mtu wa Bungoma, aliyekuwa akitumia siku zake za mapumziko kukaa nami chumba cha kungojea. "Huyu msichana hajui kuchora," alisema. "Hiyo si bhangi, hiyo ni muhogo. Wanaandamana juu ya muhogo."

Mmoja alicheka, kisha akajuta. Mama Kioko hakucheka. Alivuta kiti karibu yangu.

"Dada Teresia, tunakupenda, na Mungu anajua. Lakini hapa si Machakos. Hii picha iko kwa simu ya kila Mkenya hapa. Kesho mtu akishikwa ameibeba, atasema ameipata wapi? Atasema kwetu."

"Ni kweli," nilijibu.

"Na huo unga." Alitazama mikono yake. "Unasagwa na yeye. Sasa nani ataubeba?"

Nekesa alisema unga huchekechwa, na kila mtu amewahi kuuona ukichekechwa. Mama Kioko alimwuliza kama atasimama yeye mbele ya mbwa wa kiwanja cha ndege kueleza habari za chekecheke. Nekesa hakuweza kujitolea, kwa kuwa likizo yake haikuwa mpaka Desemba. Hakuna aliyenifukuza. Nilikunywa chai niliyopewa, haikuwa na ladha, nikaaga mmoja mmoja. Jumapili niliona nimetolewa katika kundi letu la simu. Sikukasirika. Nilijichunguza kama ninavyochunguza kidonda, nione kama kuna hasira, na hapakuwa na kitu.

Mwende nilimpigia Jumamosi asubuhi.

"Niliandika yako peke yako," nilimwambia.

Alianza kueleza. Watu walikuwa hawasimami mezani kwao, alisema. Walikuwa wakiwaita walevi. Siku ya bango wazee walisimama, akina mama walitia sahihi, wengine walilia walipoiona.

"Mimi ndiye niliyetokwa na nywele, na sikulia," nilisema. "Ulikuwa na hoja ikakosa uso, ukachukua wangu. Nikifukuzwa hapa kabla ya Novemba, uende na hilo bango ukawaambie mama yako alikufa ukimtetea."

Nilikata simu. Hatukuzungumza tena kwa wiki kumi. Ninajua ni wiki kumi kwa sababu niliziwekea alama kwenye kalenda, chini ya alama za dripu.

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa imeanza tarehe 18 Juni. Jumatano tarehe 1 Julai, baada ya Alasiri, nilikuwa jikoni nikikata vitunguu vya futari huku nimeziba pua kwa kitambaa, Madam akaingia. Alikuwa amefunga, midomo imekauka. Aliweka simu juu ya meza, kando ya ubao wa kukatia. Dada yake anayekaa Mirdif alikuwa na mfanyakazi Mkenya. Picha ilikuwa imetoka kwa yule mfanyakazi, ikaenda kwa dada, ikafika hapo.

Tulizoea kuzungumza kwa Kiarabu cha jikoni na Kiingereza cha vipande. Aliniuliza kama ni mimi. Nilisema ni mimi, na aliyeshika ni binti yangu.

"Kumeandikwa nini?" aliuliza. "Nisomee."

Madam hakujua Kiswahili hata neno, isipokuwa yale ya kubembelezea watoto aliyoyasikia kwangu. Nilifuta mikono. Nilishika simu. Nilifikiri juu ya tarehe 6 Julai, ambayo ilikuwa dripu ya tano, na nyingine tatu baada yake. Kisha nilimsomea, polepole, nikifuata mstari kwa kidole kama mwalimu wetu wa gumbaru.

"Mama yangu hawezi kula," nilisema kwa lugha yetu ile.

"Na chini?"

"Ni hayo, Madam. Anaomba wagonjwa wasaidiwe."

Aliangalia picha tena. "Na hili jani?"

"Ni jani, Madam."

"Naona ni jani," alisema.

Vitunguu nilivyokwisha kutia kikaangoni vilikuwa vimeanza kuungua upande mmoja, nami sikuvigeuza. Mwishowe alichukua simu, akaifuta ile picha mbele yangu, akaniambia kwa upole kwamba katika nyumba ile picha kama hiyo haipo na haijawahi kuwepo, na kwamba binti yangu asinipigie kwa simu ya nyumbani. Kisha akasema yalla, haya, jua linakaribia kuzama, akaenda kuita watoto.

Nililala vizuri siku ile, na hilo ndilo lililonishangaza baadaye. Asubuhi ndipo nilipomwona Mutisya, kama ninavyomwona mtu mlangoni, amekunja karatasi yake na kusoma mistari ya juu. Mtu asiyeweza kujisomea nilikuwa nimemsomea nusu aliyohitaji kuisikia, nikamfichia nusu iliyomhusu. Sikujitetea. Niliweka jambo hilo mahali pamoja na mengine na kuendelea kukunja nguo za watoto.

Unga wangu ulikwisha siku ile ile, tarehe 2 Julai. Jioni, watu walipokuwa wakifuturu, kengele ya lango ililia. Alikuwa Bibi Zuwena, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke wa makamo ya mama yangu, ambaye watu wake walitoka Unguja miaka mingi iliyopita. Watoto wa nyumba yetu walimwita Khala, yaani mama mdogo, na Madam pia. Kwa miaka mitano tulikuwa tumesalimiana tu. Alikuja mwenyewe, mtandio kichwani, mkononi bakuli lililofunikwa kwa sahani, akapita sebuleni mpaka kwangu jikoni.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Hakaribishwi mtu kwa kusimama. Huu ni uji wa futari, nimeutia pilipili manga na tui. Kunywa ungali moto, utausikia ulimini."

Nilimwambia sisikii ladha ya kitu.

"Pilipili manga utaisikia. Usiposikia, kesho naongeza."

Niliisikia. Ilikuwa ladha ya kwanza kwa wiki sita. Bibi alikaa mpaka bakuli likaisha, akizungumza habari za magoti yake na za mkwe wake asiyejua kupika ndizi, hakuniuliza lolote juu yangu. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kila futari mpaka mwisho wa mfungo. Baada ya Idi aliendelea kuleta, mara mbili kwa wiki. Nilidhani ni thawabu za Ramadhani zilizomzoesha njia.

Kuanzia dripu ya tano dawa ilibadilishwa, na hiyo ndiyo iliyochukua mikono. Ilianza kama ganzi ya mtu aliyelalia mkono. Kufikia Agosti vidole vyote kumi vilikuwa kama vya mtu mwingine alivyoniazima. Nilivunja vikombe vitatu. Vifungo vya gauni vilifungwa na mtoto wa kike wa Madam, wa miaka sita, aliyenihesabia kwa sauti kila kimoja na kunipa cheti cha kuchora nikitulia. Kalamu ilinidondoka. Nilijua nimeshika kitu kwa kukitazama tu. Nikiangalia pembeni, hakipo. Daktari alisema ganzi huondoka kwa wengine, na kwa wengine hubaki kidogo. Kwangu imebaki kidogo. Ukiwa mshonaji au mwandishi, waambie mapema, usingoje kama mimi.

Moyo nao ulikuwa hivyo hivyo. Katika chumba cha kungojea, mama mmoja Mfilipino tuliyekuwa tukiulizana ya ngapi tangu Aprili hakuonekana tena Agosti. Niliangalia kiti chake, nikafikiri kwamba sasa nitaweka bahasha yangu pale. Nekesa alinitazama akaniuliza kama niko sawa. Nilisema niko sawa, na haikuwa uongo.

Dripu ya nane ilikuwa Jumatatu tarehe 7 Septemba. Kesho yake nilimpigia Mwende. Alipokea kabla haijalia mara ya pili. Nilimwambia nimemaliza nane.

"Nilihesabu," alisema. "Nilikuwa najua ni jana."

Nilimwuliza bango liko wapi. Alisema lilitolewa siku ile ile niliyompigia, picha zikafutwa zilipoweza kufutwa, na lenyewe liko chini ya kitanda chake, uso umeelekea chini. Aliniuliza kama alichome. Nilisema usichome uso wa mtu aliye hai. Alicheka kidogo huku akilia, nami nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Mionzi ilianza Jumapili tarehe 4 Oktoba, siku tano kwa wiki, ikaisha Alhamisi tarehe 5 Novemba. Ngozi ya kifua iliiva ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria. Hiyo haikuniuma sana. Novemba joto la Dubai hupungua, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilitembea kwa miguu kutoka lango letu hadi msikiti wa mtaa na kurudi, nikiwa na kitambaa kichwani na nywele za urefu wa ukucha chini yake.

Niliomba mwenyewe kurudi nyumbani. Viza ilifutwa kwa heshima, na ndege ikawa ya Jumanne tarehe 8 Desemba. Jumatatu nilimwomba Madam dakika kumi. Tuliketi meza ya jikoni, ile ile. Nilikuwa nimeandika maneno ya bango kwenye karatasi, yote, kwa herufi kubwa, kwa mkono usiosikia kalamu.

Nilimwambia kwamba mwezi Julai aliniomba nimsomee kitu nami nikamsomea nusu. Kisha nilimsomea nusu ya pili. Neno bhangi nilimtafsiria waziwazi kwa neno la Kiarabu linalojulikana na kila mtu pale, ili pasiwe na shaka. Nilimwambia pia kwamba ninajua ningeweza kuiletea nyumba yake matata, na kwamba niliwahi kusomewa nusu mimi mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na udhuru.

Madam alisikiliza mikono ikiwa imezunguka kikombe.

"Khala Zuwena alinisomea," alisema. "Siku ile ile. Nilikwenda kwake kabla sijaifuta."

Niliiweka karatasi mezani.

"Alinisomea mistari yote miwili. Kisha akaniuliza, mama huyu hawezi kula, na nyie mnampa nini? Nikasema anakataa kila kitu. Akasema atajaribu uji."

Nilimwuliza kwa nini basi alikuja kuniuliza nisome, na kwa nini alinyamaza miezi mitano. Alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa alikuwa mwanamke mkweli.

"Nilikuja kwako nikiwa tayari najua. Ungesoma yote, ningelazimika kumwambia baba watoto, na yeye angelazimika kufanya alichopaswa kufanya. Hukusoma. Kwa hiyo mimi sikuwa nimeambiwa." Alisukuma kikombe changu karibu nami. "Khalas. Kunywa chai, Teresia, imepoa."

Nilikunywa. Msomaji atangoja niseme kwamba nilijisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo. Nilielewa tu kwamba nilimaliza dripu zangu nane kwa sababu ya mistari niliyoruka, na kwamba wanawake wawili waliniacha niiruke. Bibi Zuwena nilimuaga jioni ile. Hakutaka shukrani. Aliniambia niongeze pilipili manga popote nitakapokuwa.

Jumamosi tarehe 19 Desemba 2015, siku ya soko Mwala, Mwende na wenzake waliweka meza yao mbele ya duka la mbolea. Meza, viti viwili, daftari la sahihi, kidau cha wino kwa wasiojua kuandika. Hakukuwa na bango lolote. Nilikwenda kukaa naye kwa kuwa nilikuwa nimemkosa mwaka mzima. Wapita njia wawili watatu walitutupia maneno, wakiuliza kama mama naye amekuja kuvuta. Mwende aliwajibu kwa adabu mpaka wakachoka.

Karibu na saa sita walikuja wanawake watatu wazee, majirani zangu wa zamani. Walinisalimu, wakanigusa kichwa kuona kama nywele ni zangu. Kijana wa meza aliwaeleza kwamba karatasi ile ni ya kuwasaidia wagonjwa kama mama Mwende, akafungua kidau. Mmoja wao alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni.

"Ngoja, dada," nilimwambia. "Umesomewa?"

Nilichukua karatasi na kuwasomea. Ukurasa wa kwanza ulisema habari za wagonjwa. Wa pili ulisema kwamba watu wazima waruhusiwe pia kuitumia kwa hiari yao, na wakulima waruhusiwe kuipanda. Niliusoma ukurasa wa pili kwa sauti ile ile ya wa kwanza. Nilipomaliza, wawili walitazamana. Mmoja alisema yeye ana wajukuu. Waliniaga kwa heshima, wakaenda zao na vikapu vyao.

"Mama," Mwende alisema polepole, "tumepoteza sahihi mbili."

"Mutisya naye alikuwa akitafuta moja tu," nilimjibu.

Aligeuza karatasi ukurasa wa pili ukae juu. Watu waliofuata siku ile alianza kuwasomea kutoka hapo.

Mwanamke wa tatu hakuwa ameondoka. Alisema amesikia yote na mumewe alikufa akilia usiku na mchana, akachovya kidole akabandika. Kisha yeye na Mwende wakanitazama mimi.

Sikuwa nimekubaliana na kila mstari, na daftari halikuwa na mahali pa kutia sahihi ya nusu. Nilichukua kalamu. Niliangalia vidole kwa macho ili nijue kama vimeishika, sikuviondolea macho mpaka mwisho, nikaandika majina yangu matatu, na tarehe.